Shajara ya mradi: fremu ya tangi, vipande vya chuma na beseni la chumvi

Siku ya 1

Fremu ya zamani imeanguka. Haikupinda kwa uzito wala haikukatika katikati. Mguu mmoja uling'oka pale ulipochomelewa kwenye bamba la chini, na nilipougonga kwa nyundo sehemu ile ikamwagika kama udongo mkavu. Sentimita kumi juu yake rangi ilikuwa bado inang'aa. Hilo ndilo lililoniudhi. Kwa miaka yote nilikuwa nikiitazama ile rangi na kujiambia fremu ni nzima.

Mpya itabeba tangi la lita 1,000, mita chache kutoka baharini, mahali ambapo upepo huacha chumvi juu ya kila kitu. Kabla sijakata chuma nataka kulinganisha aina chache za chuma na kinga chache, kwa macho yangu na kwa mizani yangu. Naandika kila hatua, na makosa yangu pia.

Hesabu ya kwanza, ili nijue adui ni nani. Tangi likijaa ni kilo 1,000 za maji. Miguu minne, kila mmoja kilo 250, sawa na nyutoni 2,450 hivi. Chuma cha pembe cha milimita 50 kwa 50, unene 5, kina eneo la milimita za mraba 480. Mgandamizo unatoka megapaskali 5, yaani nyutoni 5 kwa kila milimita ya mraba. Chuma cha kawaida cha ujenzi hakianzi kulegea mpaka kifike megapaskali 275. Hata nikiongeza upepo, bamba lililokaa upande na mtu mzito aliyepanda kusafisha, bado sijakaribia. Mguu mwembamba ukizidiwa utajikunja kabla chuma chenyewe hakijalegea, na dawa ya kujikunja ni vishikizo vya mshazari. Kwa hiyo fremu ya zamani haikuuawa na uzito. Iliuawa na kutu mahali pamoja.

Siku ya 3

Orodha ya chuma. S275, ambacho mafundi hukiita chuma laini. S355, chenye nguvu zaidi. Stenlesi mbili: 304, yenye kromi karibu asilimia 18 na nikeli asilimia 8, na 316, ambayo imeongezewa molibdeni ya asilimia 2 hadi 3.

Nilifikiria pia chuma kile cha kuachwa bila rangi, cha aina ya Cor-Ten, ambacho hujifunika kutu yake yenyewe ya kahawia iliyoshikamana. Nimekiondoa. Ile kutu njema inahitaji kuloa na kukauka kwa zamu, bila chumvi nyingi. Karibu na bahari kloridi ya chumvi haiiachi itulie, na chuma huendelea kuliwa kama chuma kingine.

Siku ya 5

Jaribio la nguvu, la kienyeji lakini lenye hesabu. Nimekata chuma bapa cha milimita 50 kwa 6, nikakiweka juu ya vishikio viwili vilivyoachana milimita 400, nikaning'iniza uzito katikati na kupima mshuko kwa saa ya kupimia.

Kwa kilo 40, S275 imeshuka milimita 2.8. S355 imeshuka milimita 2.8. Nimerudia mara tatu kwa sababu mwenzangu hakuamini. Alitarajia chuma chenye nguvu zaidi kishuke kidogo zaidi, na nadhani watu wengi wanatarajia hivyo. Lakini ukakamavu wa chuma hautegemei daraja lake. Kiwe laini au kiwe cha nguvu, ni gigapaskali 200 hadi 210. Daraja linakwambia kitapinda kisirudi wakati gani. Halikwambii kitashuka kiasi gani kabla ya hapo. Ukitaka fremu isiyoyumba, ongeza kina cha chuma au ongeza vishikizo. Kununua S355 ili fremu isitikisike ni kulipia kitu ambacho hakimo.

Tofauti imejitokeza kwa kilo 100. Nilipoondoa uzito, S355 imerudi ikanyooka. S275 imebaki na mpindo wa nusu milimita. Na 304, ile inayoheshimiwa kwa sababu inang'aa, imebaki na mpindo mkubwa kuliko zote, kama milimita moja. Si ajabu: stenlesi ya 304 iliyolainishwa kiwandani huhesabiwa kuanza kulegea kwenye megapaskali 210 hivi, chini ya chuma laini. Baadaye hukaza kadiri inavyovutwa, na haikatiki upesi, lakini kuiita "chuma kigumu" ni kuichanganya na sifa nyingine.

Kwa fremu yangu nguvu haina la kuamua. S275 inatosha. Kuanzia leo nashughulika na kutu.

Siku ya 8

Nimekata vipande vya milimita 100 kwa 50 kwa 6, vitatu kwa kila aina. Baadhi vya chuma kitupu: S275, S355, 304, 316. Vingine ni S275 yenye kinga:

– rangi ya mafuta ya kawaida juu ya chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya, kama nilivyofanya fremu ya zamani;
– chuma kilichopigwa mchanga kwa upepo, kisha rangi ya chini yenye zinki nyingi, rangi ya epoksi, na rangi ya poliyurethani juu;
– rangi ya unga iliyookwa;
– zinki ya moto, yaani chuma kilichochovywa ndani ya zinki iliyoyeyushwa.

Neno juu ya kupiga mchanga. Chuma kinapotoka kiwandani huwa na ngozi ya kijivu yenye ubluu, magamba magumu yaliyotokea kikiwa bado cha moto. Brashi ya waya huyang'arisha tu. Ukipaka rangi juu ya magamba umepaka rangi juu ya kitu ambacho siku moja kitabanduka chenyewe. Vipande vya epoksi vimepigwa hadi daraja la Sa 2½, yaani karibu cheupe chote, na madoa hafifu tu yanaruhusiwa. Nimepaka siku hiyohiyo, chuma kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, maana chini ya hapo unaweza kupaka rangi juu ya maji usiyoyaona.

Unene kwa kipimo (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita): rangi ya mafuta mikroni 80 hivi, mfumo wa epoksi 240, rangi ya unga 70 hadi 80. Zinki ya moto imetoka kati ya 95 na 130. Kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinataka wastani usiopungua mikroni 70 kwa chuma cha unene wa milimita 6, na 85 kwa kinachozidi hapo, hivyo waliochovya hawakunipunja.

Siku ya 12

Mashine ya kuchovya vipande kwenye chumvi imekamilika. Mota ya waipa ya gari, kipima muda, na mkono unaoshusha na kupandisha vipande. Kila saa dakika 10 ndani ya maji ya chumvi, dakika 50 nje vikikauka. Gramu 35 za chumvi kwa lita, karibu sawa na bahari.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikutumia ukungu wa chumvi, lile jaribio mashuhuri la ASTM B117, la asilimia 5 ya chumvi na nyuzi 35. Kwanza sina sanduku lake. Pili, jaribio lile haliachi kitu kikauke, na zinki huumia isivyo haki humo. Zinki inahitaji hewa na kukauka ili itengeneze ngozi yake ya kabonati inayoilinda. Idadi ya saa za ukungu haigeuzwi kuwa miaka ya barazani.

Siku ya 13

Nimeharibu. Nilivitia vipande vyote katika beseni moja na kuvining'iniza kwa waya wa shaba. Asubuhi maji yalikuwa rangi ya matofali, stenlesi zimepakwa kutu ya jirani, na kila kipande kitupu kimeanza kuliwa kuzunguka tundu la waya. Shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi huwa inakula bila kuliwa. Chuma ndicho kinacholipa. Nilijua. Mkono ulichukua waya uliokuwa karibu.

Siku ya 16

Nimeanza upya. Mabeseni manne: chuma kitupu peke yake, zinki peke yake, rangi peke yake, stenlesi peke yake. Kamba ya nailoni badala ya waya. Kila kipande chenye rangi nimekichora msalaba kwa ncha kali hadi chuma kionekane. Rangi isiyokwaruzwa haipo duniani ila kwenye katalogi.

Maji yanayopungua kwa kukauka naongeza maji safi yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi itazidi kukolea. Kila wiki namwaga yote.

Siku ya 21

Rangi ya mafuta: kando ya msalaba imeinuka, kucha inapita chini yake. Rangi ya unga: inang'aa vizuri kabisa, isipokuwa malengelenge mawili kwenye msalaba. Epoksi: doa jembamba la kahawia ndani ya mkwaruzo tu. Zinki: vumbi jeupe, hakuna wekundu, hata ndani ya msalaba ambapo chuma kiko uchi.

Hapo ndipo zinki inapoachana na kinga nyingine zote. Rangi ni ukuta, ukitobolewa umetobolewa. Zinki ni ukuta na pia ni mlinzi anayejitoa. Kwenye orodha inayopanga metali kwa volti zake, zinki iko hasi 0.76 na chuma hasi 0.44, vikigusana ndani ya maji, zinki ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa, na chuma kilicho uchi milimita chache pembeni hubaki salama mpaka zinki ya karibu iishe.

Siku ya 23

Mzee aliyenifundisha kuchomelea amepita. Nilimwamkia, akaitikia huku tayari ameinamia beseni.

"Mwanangu, unapika chuma?"

"Nakitesa, mzee. Nione kipi kitavumilia."

Akageuza kipande kimoja, akakitazama bapa lake, akakirudisha. "Bapa hata mimi nalipaka rangi likakaa. Kona ziko wapi? Mshono uko wapi? Fremu yako ilianguka bapani?"

Nilikosa jibu. Nimekaa wiki mbili nikijaribu rangi, na sijajaribu fremu. Vipande vyangu ni laini, havina mshono, havina tundu la bolti, havina mahali vyuma viwili vinapolaliana, na ile fremu ilikufa mshononi. Nimelala vibaya.

Siku ya 27

Kundi la pili. Safari hii kila kipande ni kama fremu ndogo: bapa mbili zimechomelewa kwa umbo la T, bapa ya tatu imelazwa juu na kuchomelewa upande mmoja tu (kama tunavyofanya wote tukiwa na haraka), tundu moja lenye bolti. Nusu ya vipande vya rangi nimeviacha na kona kali kama msumeno ulivyoziacha. Nusu nimeziviringisha kwa grinda hadi duara la milimita 2, na kuzipaka kwa brashi mara moja kabla ya koti zima.

Bolti: za zinki ya umeme (zile zinazong'aa za dukani), za zinki ya moto, na za stenlesi. Zote daraja la 8.8 isipokuwa za stenlesi. Madaraja ya 10.9 na 12.9 sikuyagusa, kwa kuwa chuma kigumu namna hiyo kikipitishwa kwenye asidi na umeme kinaweza kunywa haidrojeni na kukatika ghafla kikiwa kimekazwa, bila kuonya.

Siku ya 46

Vipande vitupu vya kundi la kwanza vimemaliza saa 720. Nimeondoa kutu kwa asidi yenye dawa ya kuizuia isile chuma, nikasafisha pia kipande ambacho hakikuingia kwenye chumvi ili nijue asidi imekula kiasi gani, nikatoa kiasi hicho.

S275 imepoteza wastani wa gramu 2.31. Kwa eneo la sentimita za mraba 118 na msongamano wa 7.85, kasi yake ni milimita 0.30 kwa mwaka. S355 imepoteza gramu 2.20, yaani milimita 0.29. Tofauti kati ya vipande vitatu vya aina moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya hizo aina mbili, basi nahesabu ni sare. Kutu haisomi daraja la nguvu.

Ili nisitishwe na tarakimu zangu: mgawanyo wa ISO wa ukali wa kutu unaliita C5 eneo ambalo chuma kitupu hupoteza mikroni 80 hadi 200 katika mwaka wa kwanza. Beseni langu linakula 300. Ni kali kuliko pwani yangu, na ndivyo nilivyotaka.

Zinki katika eneo la C5 hupungua mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Tabaka la mikroni 85 likigawanywa hivyo linatoa miaka 10 hadi 20. Ndani ya bara, kwenye C3 ambako kutu si kali hivyo, zinki hiyohiyo inapungua mikroni 0.7 hadi 2.1, na miaka inaruka kuwa kati ya 40 na zaidi ya 100. Kwa hiyo anayesema "zinki ya moto inadumu miaka hamsini" hajadanganya. Hajasema tu anaishi wapi.

Siku ya 52

Kundi la pili linaongea.

Rangi ya mafuta: mshono mwekundu wote. Sina la kuongeza.

Rangi ya unga, ambayo wiki ya kwanza nilikuwa nusura niichague kwa urembo: imeanza kuchubuka kutoka kona kali na kutoka msalabani, na ukiivuta inatoka vipande vizima kama ganda la yai lililochemshwa. Chini yake chuma ni cheusi na kimeloa. Inaficha ugonjwa mpaka siku ya mwisho. Yenye kona za duara iko vizuri zaidi, lakini uso wa mshono usio laini umeiponza, maana unga haukuingia kwenye vishimo vidogo.

Epoksi yenye kona kali na epoksi yenye kona za duara zimepakwa siku moja, kutoka kopo moja, kwa mkono mmoja. Ya kona kali ina mstari wa kutu pembeni nzima. Ya duara haina. Nimekata vipande viwili na kuvitazama kwa lenzi: kwenye kona kali rangi imejivuta ikaacha utando mwembamba, chini ya nusu ya unene wa bapa. Rangi ya kimiminika ikiwa bado mbichi hukimbia ncha. Dakika mbili za grinda zimenipa faida kuliko koti la tatu.

Pale bapa mbili zilipolaliana na kuchomelewa upande mmoja, kinga zote zimeshindwa, pamoja na zinki kwa kiasi fulani. Maji yanaingia kwenye ufa, hayatoki, kutu inavimba (inachukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma ilichokila) na bapa zimeanza kusukumana. Mshono kwenye kipande kimoja umepata ufa. Nimemkumbuka mzee, na nimekumbuka mguu wa fremu: bamba la chini lilichomelewa upande mmoja.

Siku ya 55

Stenlesi. Kipande kimoja cha 304 kina vidoa vya kahawia vimetawanyika kama upele wa ngozi, viwili vingine safi. Nimetafuta sababu siku nzima. Kikulacho ki nguoni mwako: kile kimoja nilikisafisha kwa diski ya grinda iliyokuwa imetoka kusaga chuma laini. Chembe za chuma zimejichomeka kwenye uso wa stenlesi na kushika kutu hapohapo. Ngozi ya oksidi ya kromi inayoilinda stenlesi ni ya nanomita chache tu. Haihitaji uchafu mwingi kuivuruga.

Mishono ya 304 niliyoiacha na rangi ya moto, ile ya manjano na bluu, imeshika kutu kwenye mstari wa bluu. Niliyoisafisha kwa asidi ya kuondoa ile rangi iko sawa. 316 ni safi kila mahali, isipokuwa chini ya washa ya nailoni ambako hewa haifiki. Hapo kuna vitundu vidogo.

Kuhusu kuchanganya: bolti ya stenlesi kwenye bapa kubwa la zinki haijaleta shida ya maana, maana eneo kubwa la zinki linagawana mzigo. Nilipofanya kinyume, bolti ya zinki kwenye bapa la stenlesi, zinki imekwisha na bolti inaliwa kichwani. Bolti zinazong'aa za zinki ya umeme zimekuwa nyekundu tangu wiki ya kwanza, hata zikiwa ndani ya bapa la zinki. Zina mikroni chache mno.

Siku ya 58

Jaribio dogo la pembeni, la udadisi: rangi ya mafuta juu ya zinki ya moto. Imebanduka kama karatasi. Mafuta ya rangi hiyo yakikutana na zinki hugeuka sabuni chini yake. Wanaopaka mabati kwa rangi yoyote iliyobaki storini, sababu ya kubanduka ndiyo hiyo.

Siku ya 61

Uamuzi. Chuma cha pembe cha S275. Sikuchagua bomba, ingawa lingekuwa jepesi, kwa sababu bomba lililofungwa pande zote haliwezi kuchovywa: hewa na unyevu vikinaswa ndani ya zinki ya nyuzi 450 vinalipuka, na matundu ya kupumulia ni milango ya chumvi baadaye. Mishono yote pande zote, hakuna bapa zinazolaliana na kuacha ufa. Matundu yote yanatobolewa kabla ya kuchovya. Kona zote duara. Zinki ya moto, kisha kupigwa mchanga mwepesi usiokula zinki, epoksi ya kushika, poliyurethani juu kwa sababu epoksi peke yake ikipigwa na jua hugeuka unga kama chokaa. Bolti za zinki ya moto.

316 ingefaa, siikatai. Lakini kwa kazi hii ningekuwa nalipia molibdeni kwenye kila sentimita ya mguu mkavu ili nilinde mishono minane.

Siku ya 74

Fremu imerudi kutoka kuchovywa. Mahali pamoja, ndani ya kona ya bamba la mguu wa tatu, pana doa jeusi lisiloshika zinki. Ni magamba ya mshono ambayo sikuyagonga yakaisha. Kosa ni langu, si la waliochovya. Nimesaga, nimepaka rangi yenye zinki nyingi kwa brashi, tabaka tatu, na nimeliwekea alama ya msumari kwenye bamba ili nijue pa kutazama kwanza.

Siku ya 83

Tangi limepanda, limejaa. Mshuko wa boriti kuu ni milimita 1.6, hesabu ilisema 1.5. Vipande vitatu vilivyobaki, cha unga, cha epoksi na cha zinki yenye rangi, nimevifunga kwa kamba ya nailoni kwenye kishikizo cha upande wa bahari. Beseni nimelimwaga. Nitavishusha na kuvipima baada ya miezi sita, pamoja na ile kona ya mguu wa tatu.